Waapache kabla ya farasi: mbwa, mahema ya ngozi na Wahispania wa 1541

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi na shemeji yangu tumewekeana kreti la soda. Tulikuwa tunaangalia filamu ya kauboi, Waapache wakateremka mlimani na farasi wao kama kawaida. Nikasema niliwahi kusikia kwamba Wahispania walipowakuta mara ya kwanza watu hawa hawakuwa na farasi hata mmoja, walikuwa wanatembea na mbwa, tena si jangwani bali kwenye nyika ya majani. Shemeji akacheka: Mwapache bila farasi ni mvuvi bila chombo. Akaongeza kwamba ugomvi wao na wazungu waliuanza wenyewe kwa uporaji. Tuamue tafadhali. Na je, kuna mtu aliyeandika alichokiona kwa macho yake, au zote ni hadithi za baadaye?

JIBU: Marahaba, na umsalimie shemeji.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalobeba mengine. Mashahidi wa macho wapo, na si mmoja. Shida ni kwamba wote wa mwanzo ni Wahispania. Waapache wa karne ya 16 hawakuwa na maandishi, na masimulizi yao wenyewe hayaendi kwa tarehe za wageni. Kwa hiyo tunawasoma Wahispania kama tunavyomsoma mgeni aliyelala kwetu siku tatu kisha akatoa kitabu: alichokiona tukipokee, alichokikisia tukichekeche. Bahati nzuri wageni hawa walikuwa na jicho kali kwa jambo moja, nalo ni mizigo. Askari aliyetembea miezi na nyumbu mwenye kidonda mgongoni, akikutana na msafiri mwingine, huangalia kwanza mwenzake anabebaje.

Msafara wenyewe ulikuwa wa Francisco Vázquez de Coronado. Aliondoka Compostela, magharibi mwa Meksiko, Februari 1540, akiwa na Wahispania zaidi ya 300 na wenyeji wa Meksiko zaidi ya elfu moja waliofuatana naye kama washirika. Walikuwa wanaitafuta Miji Saba ya Cíbola, iliyosemekana kujaa dhahabu. (Njia hiyo ilitanguliwa mwaka 1539 na Mwafrika, Esteban wa Azemmour, Moroko, mtumwa aliyekuwa amevuka bara hilo kwa miguu miaka ya nyuma. Aliuawa Hawikuh, kwenye kijiji cha Wazuni. Yeye peke yake anastahili makala nzima.) Coronado alipofika Hawikuh Julai 1540 alikuta nyumba za mawe na udongo, mahindi, na watu wasiofurahi kumwona. Dhahabu hakuna.

Jeshi likaenda kujibanza majira ya baridi kwenye mto Rio Grande, mahali palipoitwa Tiguex, kwa watu wa Pueblo, wakulima wa nyumba za udongo za ghorofa. Waliwanyang'anya wenyeji nguo na chakula, vikazuka vita, vijiji vikachomwa. Huko kwa watu wa Pueblo walikuwa wamempata mateka mmoja kutoka mashariki, wakamwita El Turco, Mturuki, eti kwa sura yake. Mturuki akawaambia wanayotaka kusikia: mbele kuna nchi ya Quivira, ndiko dhahabu iliko. Aprili 23, 1541 jeshi zima likafuata maneno yake.

Sasa tunafika kwenye nyika yako. Baada ya siku tisa walipanda kwenye uwanda ambao leo unaitwa Llano Estacado, unaolala mashariki mwa New Mexico na magharibi mwa Texas. Ni tambarare kama sinia. Coronado alimwandikia mfalme barua Oktoba 20 mwaka uleule, akasema hakuufikia mpaka wa uwanda huo popote alipopita, na hakuna siku aliyoacha kuona "ng'ombe". Ng'ombe hao ni baisani, yule nyati wa Amerika mwenye nundu na manyoya kifuani. Wahispania hawakuwa na jina lake, wakatumia walilokuja nalo.

Askari mmoja wa msafara, Pedro de Castañeda, aliandika kumbukumbu zake miaka kama ishirini baadaye akiwa Culiacán. Jambo linaloonekana kumshangaza kuliko yote ni majani. Anauliza nani ataamini kwamba farasi 1,000, ng'ombe 500, kondoo zaidi ya 5,000 na wenyeji na watumishi zaidi ya 1,500 walipita pale bila kuacha alama kuliko kama hakuna aliyepita? Majani yalilala, kisha yakainuka. Ilibidi walundike mifupa na mavi makavu ya baisani ili walioko nyuma wajue wenzao wameelekea wapi. Wawindaji walitoka kambini mchana wakashindwa kurudi. Jioni watu wakapiga bunduki, tarumbeta na ngoma, wakawasha mioto mikubwa, na bado wengine walipotea.

Katika mahali hapo, ambapo jeshi zima lilikuwa limepotea dira, walikuta watu wametulia kabisa nyumbani kwao.

Wahispania waliwaita Waquerecho, jina walilolisikia huko, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba hao ndio Waapache wa nyika. Castañeda anasema walitoka kwenye mahema kuwaangalia wageni. Hawakukimbia, hawakurusha mshale. Wakauliza kwa ishara za mikono hawa ni nani. Ishara zao zilikuwa fasaha hivi kwamba mkalimani hakuhitajika. Aliwafananisha na Waarabu, akimaanisha Mabedui wanaohamahama na mahema. Akasema ni wapiganaji wazuri kuliko watu wa Pueblo, lakini wapole, si wakatili, na waaminifu katika urafiki. Coronado naye, ambaye hakuwa na sababu ya kumsifu mtu wakati ule, alimwandikia mfalme kwamba kwa maumbile ya mwili hawa ndio watu wazuri kuliko wote aliowaona katika nchi zile.

Waliishi kwa baisani kwa kila kitu. Ngozi ndiyo nguo, ndiyo viatu, ndiyo hema. Kano ndiyo uzi, mfupa ndio sindano, na mavi makavu ndiyo kuni, kwa kuwa mti hakuna. Nyama waliikata nyembamba kama jani wakaianika juani, ikishakauka wakaisaga kama unga. Konzi moja ikitiwa kwenye chungu inafura hadi kujaa, wakaiunga kwa mafuta. Damu waliinywa, nyingine wakaihifadhi kwenye utumbo kwa ajili ya safari, jambo lililowachukiza Wahispania na ambalo Mmaasai yeyote angelielewa bila maelezo. Kisu chao kilikuwa kipande cha gumegume kama kidole, kimefungwa kwenye kijiti, na kikiwa butu walikitia makali kwa meno yao wenyewe. Kwa hicho kidude, anasema Castañeda, walichuna baisani mzima kwa wepesi uleule wa mtu mwenye chuma kizuri.

Na mizigo? Mbwa. Hapo umepata, ndugu yangu. Mashahidi wote wa 1541 wanakubaliana: hema, nguzo za hema na vyombo vilibebwa na mbwa. Mbwa alivishwa kitandiko kidogo na mkanda wa tumboni, mfano wa shogi ya punda, na nguzo zikafungwa ubavuni ncha zikiburuzwa chini. Shahidi mmoja aliona kwamba migongo ya mbwa hao ilikuwa na vidonda kama ya wanyama wa mizigo. Aliyewahi kusimama Lamu akaangalia punda wa mchanga wanavyopita anajua vidonda hivyo ni vya kazi ya kila siku, si ya kubahatisha. Castañeda anaongeza kwamba mzigo ukikaa upande, mbwa hulia hadi mtu aje kuuweka sawa.

Farasi, basi, hawakuwapo. Wapo wanaojaribu kuwaingiza hapa kwa kusema farasi wa Coronado walitoroka wakazaana. Orodha ya ukaguzi wa jeshi lake ya 1540 ina farasi zaidi ya 550, na majike kati yao ni mawili tu. Kwa majike mawili hujazi nyika.

Msafara wenyewe uliishia vibaya. Jeshi lilikutana na kundi jingine, Wateya, ambao mpaka leo wataalamu wanabishana kama nao walikuwa Waapache au watu wa lugha nyingine kabisa. Wakiwa kwenye bonde lenye genge, mvua ya mawe ikawachania mahema, ikabonyeza kofia zao za chuma na kuvunja vyungu vyote. Coronado akalirudisha jeshi, akaendelea na wapanda farasi 30 hadi Quivira, Kansas ya leo. Akakuta nyumba za nyasi na mashamba. Mturuki akanyongwa.

Nisimame kidogo hapa kwenye jina, kwa sababu watu hawa walibadilishiwa majina hadi wasomaji wanapotea. "Querecho" unalijua sasa. "Apache" linaanza kuonekana katika maandishi ya Juan de Oñate, aliyekuja 1598 kuanzisha koloni la New Mexico. Wengi hulitoa kwenye neno la Wazuni lenye maana ya "maadui". Tabia hiyo haikuanza wala kuishia Amerika: Wadatoga wa kwetu wanaitwa Mang'ati, na hilo ni neno la Wamaasai la kumwita adui. Wenyewe Waapache wanajiita Indé, Ndee na matamshi mengine ya jamaa hiyo, maana yake watu.

Lakini jina ninalolipenda mimi ni la tatu. Kwa kuwa waliishi na "ng'ombe" wa nyika, Wahispania wa 1598 na baada ya hapo waliwaita Vaqueros, watu wa ng'ombe. Vaquero kwa Kihispania ndiye kauboi. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuitwa kauboi kwenye nyika zile alikuwa Mwapache. Mwambie shemeji alikumbuke hilo kwenye filamu inayofuata.

Walitoka wapi? Lugha yao ni ya ukoo wa Athabaska, na ndugu zao wengi wako kaskazini ya mbali, Kanada na Alaska. Navajo ni ndugu wa karibu. Kwenye mapango ya Promontory, kando ya Ziwa Kuu la Chumvi huko Utah, vimepatikana viatu vya ngozi vya karne ya 13 vilivyoshonwa kwa mtindo wa watu wa misitu ya kaskazini. Wengi wanaona hao ni mababu wa Waapache wakiwa njiani kushuka kusini, wengine wao wakiishia nyikani kwa baisani. Na lugha imehifadhi kitu kimoja kitakachokufaa kwenye ubishi wenu. Neno la zamani la mbwa katika lugha za Athabaska lina umbo kama *łį*. Kwa Waapache na Wanavajo neno hilohilo leo ni farasi. Mbwa mwenyewe ikabidi atafutiwe neno refu zaidi. Farasi alipokuja alirithi kazi ya mbwa, akarithi na jina.

Turudi 1598, kwa sababu ile ndiyo picha bora kuliko zote, bora hata kuliko ya Castañeda. Oñate alimtuma mpwa wake, Vicente de Zaldívar, pamoja na watu 60 kwenda nyikani Septemba mwaka huo kukamata baisani hai ili wafugwe. Walijenga zizi kubwa la magogo lenye mikono mirefu ya kuwaelekeza wanyama ndani, kazi ya siku tatu. Baisani walikwenda vizuri mpaka karibu na mlango, kisha wakageuka wote kwa mkupuo wakawapitia waswagaji. Farasi watatu walikufa, arobaini wakajeruhiwa. Wakasema basi tukamate ndama. Ndama walikufa njiani wote, kwa hasira, kabla ya kufika kambini. Hivyo ndivyo ufugaji wa baisani ulivyoisha.

Ila katika hangaika hiyo Zaldívar alifika kwenye kambi ya Vaqueros yenye mahema 50. Yalikuwa ya ngozi iliyosindikwa, mekundu na meupe ya kung'aa, ya duara kama kengele, yenye milango na vifuniko, yameshonwa kwa ustadi akaona hayapitwi na ya Italia. Hema la kawaida lilitosha magodoro manne. Aliambiwa mvua hata ikimwagika kama ndoo haipenyi, na ngozi ikikauka hubaki laini vilevile. Hakuamini. Akakata kipande, akakilowesha, akakianika juani, akakishika: laini kama kilivyokuwa. Ndipo alipofanya biashara akanunua hema zima. Pamoja na ukubwa wake wote halikuzidi uzito wa arroba mbili, yaani kama kilo 23. Mtu aliyezoea mahema ya turubai ya jeshi lazima aliona wivu.

Mbwa aliwaona pia, wa kimo cha kati, wenye manyoya ya kusokotana, misafara mirefu ya mbwa wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine, nguzo zikiburuzwa, wakingurumiana wakikaribiana. Maelezo yanasema kila mmoja alibeba ratili 100 na zaidi. Hapo mimi naona chumvi imezidi, labda kama mzigo mwingi ulikuwa unaburuzwa na si kubebwa. Lakini kuna jambo moja dogo ambalo hakuna mtu angeliweza kulitunga akiwa mezani: wanawake, wakati wa kupakia, walikibana kichwa cha mbwa katikati ya magoti yao, wakamfunga mzigo hivyo, kisha wakamwachia. Kazi ya kuhama ilikuwa mikononi mwa wanawake, na ilikuwa na mbinu zake.

Watu hao walikuwa wanatoka wapi siku hiyo? Sokoni. Walikuwa wamepeleka nyama, ngozi, mafuta na chumvi kwenye vijiji vya Picurís na Taos, wakarudi na nguo za pamba, vyungu, mahindi na vijiwe vya kijani. Hapa ndipo shemeji anapoanza kuteleza. Biashara hiyo ilikuwa mhimili wa maisha ya pande zote mbili kwa miaka mingi. Mla nyama tupu anahitaji wanga, na mkulima anahitaji nyama, ngozi na mafuta. Haikuwa mapenzi. Castañeda anataja wageni wa nyikani waliokuja kupitisha baridi chini ya mapaa ya vijiji vya Pueblo, na wenyeji hawakuwaruhusu kulala ndani, usiku wakaweka zamu ya ulinzi. Lakini waliuziana, na mwaka uliofuata wakaja tena. Oñate alipopita nyikani 1601, Waapache waliinua mikono kuelekea jua, alama yao ya urafiki, wakawapa Wahispania matunda madogo meusi na ya njano. Miaka sitini imepita tangu Coronado, na bado hakuna vita nyikani.

Kilichoharibu mambo kilikuwa na bei. New Mexico haikuwa na dhahabu wala fedha. Gavana alinunua cheo chake kwa gharama, akawa na miaka michache ya kuzirudisha. Migodi ya fedha ya Parral, kusini, ilihitaji watu. Sheria ya Hispania ilikataza utumwa wa wenyeji tangu 1542, lakini iliacha upenyo: mateka wa "vita vya haki" aliweza kushikiliwa. Basi ukitaka mateka, tafuta vita.

Padri Alonso de Benavides, aliyekuwa mkuu wa Wafransisko huko miaka ya 1620, anasimulia kisa cha kiongozi mmoja wa Vaqueros. Alifika Santa Fe, akaonyeshwa sanamu ya Bikira Maria kanisani, ikamgusa, akasema yeye na watu wake watabatizwa. Akarudi nyikani. Gavana wa wakati huo akawatuma wenyeji waliokuwa na uadui na kundi hilo wakamletee watu wa kuuza. Wakalivamia kundi lile lile. Kiongozi aliuawa akiwa na rozari shingoni, akiwaonyesha kwamba yeye ni rafiki wa Wakristo. Benavides alikuwa na hesabu zake dhidi ya magavana, kwa hiyo mchekeche naye pia, lakini mwenendo wenyewe unathibitishwa na walioandika baada yake. Luis de Rosas, gavana kuanzia 1637, alishtakiwa kwa kuwashambulia Vaqueros na kuwaleta mateka Santa Fe, alikokuwa na karakana ya kufumia nguo. Mwaka 1659 gavana Bernardo López de Mendizábal, kwa mashtaka ya mapadri, alituma Wahispania 40 na wenyeji 800 kwenda kukamata watu wa kuuzwa Parral.

Jambo la pili halina damu lakini mimi naliona zito zaidi. Wahispania walitoza kila nyumba ya Pueblo kodi ya mahindi na nguo. Ziada iliyokuwa inasubiri misafara ya mbwa kila vuli sasa ilikwenda ghalani kwa mkoloni. Mwapache anafika na ngozi zake, anakuta ghala la rafiki yake tupu. Miaka ya 1660 ikaja na ukame na njaa iliyoua watu kwa mamia kwenye vijiji vya Salinas, mashariki ya Rio Grande. Waapache walivamia vijiji hivyo wakachukua chakula na mifugo, wakaua watu, na miaka ya 1670 vijiji vya Salinas vilihamwa kabisa. Hilo shemeji analo, na halifutiki kwa kusema nani alianza. Waliouawa Salinas walikuwa wakulima wenye njaa kama wao.

Farasi anaingia katikati ya hayo. Sheria ilikataza mwenyeji kupanda, lakini anayemlisha farasi, kumfunga na kumpeleka malishoni ni kijana huyohuyo wa Pueblo, na vijana hutoroka. Vitabu vya zamani hutaja 1680, mwaka wa uasi mkuu wa watu wa Pueblo ulioongozwa na Po'pay, Wahispania walipokimbia Santa Fe wakaacha mifugo nyuma, kuwa ndio mwaka farasi walipomwagika nyikani. Utafiti wa mifupa uliochapishwa 2023 umerudisha tarehe hiyo nyuma: farasi walikuwa tayari mikononi mwa wenyeji wa nyika na milima katika nusu ya kwanza ya karne ya 17. Uasi uliongeza kasi ya jambo lililokuwa limeanza.

Na watu hawakugeuka wapanda farasi wa filamu kwa siku moja. Ofisa wa Kihispania, Juan de Ulibarrí, alikwenda 1706 mpaka El Cuartelejo, Kansas magharibi, kuwarudisha watu wa Picurís waliokuwa wamekimbilia kwa Waapache kumkwepa Mhispania. Njiani alipita kwa Waapache waliolima mahindi, maharage na maboga, wengine wamevaa misalaba na rozari shingoni. Walimwonyesha bunduki ya Kifaransa waliyoiteka. Mwaka huohuo jina la Wakomanchi, kabila jingine la wenyeji, linaanza kusikika Taos. Hao ndio waliomaliza habari ya Waapache kwenye nyika ya kusini: Wakomanchi kwa farasi kutoka kaskazini na magharibi, Wapawnee wenye bunduki za Wafaransa kutoka mashariki, na mkulima katikati ambaye shamba lake haliwezi kukimbia. Katika miongo michache tu Waapache wengi wakasukumwa kutoka nyikani, wengine milimani New Mexico, wengine kusini Texas. Jangwa la filamu ni la baadaye, na Waapache wengi wa kwenye filamu hizo ni wa magharibi zaidi, watu wa Arizona, si hawa.

Waliosukumwa Texas waliitwa Walipan. Walipambana na Wahispania wa San Antonio kwa karibu miaka thelathini, wakaibiana farasi, wakatekana wake na watoto. Agosti 1749 wakapatana. Katikati ya kiwanja cha mji lilichimbwa shimo kubwa. Ndani wakaweka shoka, mkuki, mishale sita, na farasi mzima, hai. Wakuu wa Walipan na maofisa wa Kihispania wakashikana mikono wakalizunguka shimo mara tatu. Kisha kwa ishara moja kila mtu akachukua udongo kwa mikono, na vyote vikafukiwa.

Sasa kreti. Kuhusu farasi na mbwa shemeji amepoteza, hana rufaa. Kuhusu nani alianza, kwenye nyika miaka sitini ya mwanzo ni ya amani na uvamizi wa mateka ndio ulioivunja, kwa hiyo hapo pia analipa. Ila mfungulie yeye chupa mbili za kwanza, kwa ajili ya Salinas.